Mama mkwe atapata macho, na atajua nilimdanganya mwisho wa riwaya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mtumishi wa umma. Nilihamia Dodoma mwaka 2019 pamoja na ofisi yetu. Mume wangu ni mwenyeji wa huku, Mgogo wa upande wa Mvumi, na tunaishi Nkuhungu na watoto wetu wawili. Baba mkwe alipofariki mwaka 2021, mama mkwe alikuja kukaa nasi. Ana miaka 71. Niseme mapema kwamba hatujawahi kugombana. Wenzangu ofisini wakianza kusimulia ya wakwe zao mimi nainamia faili, maana sina cha kuchangia.

Mama alijua kusoma akiwa msichana, darasa la ngumbaru, kwenye kijiji walichohamishiwa wakati wa Operesheni Dodoma. Anasema baada ya hapo alisoma kila kilichopita mbele yake, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Lakini mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, na mwaka wa tatu huu hasomi kitu. Mtu akisimama mlangoni anamtambua kwa sauti.

Na mimi, Shangazi, ni mlevi wa riwaya. Napenda za mapenzi, na hasa za zamani, zile ambazo watu wanaandikiana barua na kungojana miaka. Nikishinda Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kutwa nzima na madokezo, jioni sitaki kitabu cha kuniumiza kichwa. Basi mwaka 2022 nikaanza kumsomea mama. Tukishakula anavuta kigoda chake barazani, ungo wa karanga mapajani, mimi nakaa chini ya taa. Za Kiswahili nasoma zilivyo. Za Kiingereza natafsiri palepale, naruka maelezo ya magauni. Kuna moja ya Uingereza ya miaka ya 1810 na kitu, tulipofika kwenye posa mama akauliza, "Ng'ombe wangapi?" Nikamweleza kwamba kule zamani baba wa binti ndiye aliyekuwa anatoa mali. Aliacha kumenya karanga. "Yaani unampa mtu binti, halafu unamwongezea na ng'ombe juu?" Mpaka leo akimwona mkwe mvivu anasema, "Huyu alitaka kuoa Uingereza."

Sasa tatizo. Mwaka juzi tulisoma riwaya moja ya Kiswahili, sitaitaja nisije nikawaharibia wengine utamu. Ni ya huku kwetu, wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza. Kijana anachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, mchumba wake anabaki kijijini, njaa inaingia. Mimi nilikuwa nimeshaimaliza kwa siri usiku, kwa hiyo nilijua kwamba msichana anakufa, na kijana anafika wiki moja baadaye na kibaba cha mtama. Tulipokaribia pale mikono ya mama ilikuwa imetulia juu ya ungo. Koo likanikaba. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Kijana akafika jioni ileile, mtama begani." Nikaendelea hivyohivyo, nikawaozesha, nikawapa na watoto. Mama akashusha pumzi, akasema, "Afadhali."

Toka siku hiyo nimebadilisha vitabu vinne vingine. Kimoja nilichelewa kushtuka, mtu akawa ameshazikwa sura iliyopita, ikabidi niseme walikosea maiti.

Siku nyingine mama aliniuliza, "Mwanangu, mbona leo karatasi hazigeuki?" Nikasema nimezishika kwa sababu ya upepo. Akacheka kidogo, akaniambia niendelee.

Ingeishia nyumbani nisingekuandikia. Mama ana kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanakutana kila Alhamisi, na huko amekuwa redio. Anawasimulia riwaya zetu sura kwa sura, wenzake wananitumia salamu niwapendekezee vitabu, wengine nimewaazima. Mwezi uliopita alisimulia kile cha njaa. Kuna mwalimu mstaafu mle ndani, akasema, "Lakini yule binti si alikufa?" Mama akamjibu mbele ya wote: "Mkwe wangu ndiye mwenye kitabu. Wewe labda ulisoma jalada." Wakamcheka yule mwalimu, naye akaapa kuitafuta nakala yake.

Na mwezi ujao mama ana miadi ya upasuaji wa jicho la kwanza. Amesema akifunguliwa bandeji na kupata nafuu, kitabu atakachoanza nacho ni kile. Ameshakichukua rafuni kwangu, amekifunga kwenye khanga, amekiweka sandukuni kwake.

Mume wangu anasema nisimwambie, mama ana presha, na vitabu hupotea. Wifi yangu alikisoma zamani, alipojua nilichofanya aliniambia, "Mama si mtoto, umemfanya kichekesho." Neno hilo limenikaa. Naogopa kusema na naogopa kunyamaza. Je, nimwambie kabla ya upasuaji? Na hawa niliowaazima vitabu nitawaambia nini?

Mkwe Msomaji, Dodoma

—

Marahaba mwanangu. Na mama mfikishie mbukwenyi yangu, salamu ya Kigogo.

Barua yako niliisoma nikacheka, kwenye ile maiti iliyokosewa nikaweka kikombe chini. Kisha nikairudia na kicheko kikapungua. Nikikuelewa vizuri, shida yako haianzii kwenye riwaya. Kuna mtu anakuamini kwa macho yake, kwa maana hasa ya neno hilo, na wewe umemwonyesha kisichokuwepo. Ulifanya hivyo kwa upendo. Sasa macho yanarudi, na upendo huohuo unaogopa kuonekana udanganyifu. Juu ya hapo mume anakuvuta huku, wifi kule, na Alhamisi kuna mwalimu anayetafuta nakala yake.

Kabla ya kupima la kufanya, niruhusu nichokonoe mambo mawili matatu uliyoyaandika kama vile yameshathibitika.

La kwanza ni lile swali la karatasi. Mstari ule nimeurudia mara tatu. Mtu aliyepoteza macho miaka mitatu husikia vitu ambavyo mimi na wewe hatuvisikii. Anajua maji yamechemka kabla sufuria haijaanza kucheza. Mama huyu alishasoma vitabu kwa mikono yake, anajua karatasi inageuka baada ya muda gani, na anajua sauti ya mkwe wake inapotoka kwenye maandishi na inapotoka kichwani, hasa wewe ambaye siku nyingine unatafsiri na siku nyingine unasoma moja kwa moja. Akakuuliza, ukamjibu upepo, akacheka, akasema endelea. Sisemi kwamba anajua. Nakuuliza tu una uhakika gani kwamba hajui. Huenda mmekuwa wawili katika mchezo huu siku zote, na wewe ndiye uliyekuwa unadhani uko peke yako.

La pili: unasema ulimkinga na huzuni. Kitabu chenyewe, kwa ulivyokieleza, kinasimulia njaa ambayo huko Ugogo ina jina lake, Mtunya. Ilianza 1917 ikaenda mpaka 1920. Waingereza waliingia Dodoma 1916 wakiwafukuza Wajerumani, na majeshi ya pande zote mbili yalibeba nafaka, yalibeba ng'ombe, yalibeba vijana wa kuwatwika mizigo. Mvua nazo zikakataa, na 1918 mafua makuu yakawakuta watu wameshaisha nguvu. Mama yako ana miaka 71. Hesabu nyuma: bibi yake aliishi humo ndani. Unadhani katika utoto wake, usiku kwenye moto, hakuwahi kuambiwa nani alikufa, nani aliachwa kwa watu ili wengine wapate mtama? Mwisho wa hadithi ile huenda aliujua kabla mwandishi hajaushika wino. Kwa hiyo aliposema "afadhali", mimi hapa nilipo sijui alikuwa na maana gani. Inaweza kuwa aliamini. Inaweza pia kuwa alikuwa anakushukuru.

La tatu utanisamehe. Umeandika kwamba koo lilikukaba. Koo lako. Mikono ya mama ilikuwa imetulia tu, ya mtu anayesikiliza. Baba mkwe alikuwa na mwaka mmoja na kitu kaburini, na wewe ulikuwa unaishi na mjane wake na kulala na mwanawe. Ni nani katika nyumba ile aliyekupa wewe nafasi ya kulia? Jiulize taratibu, huna haja ya kunijibu: mwisho ule uliubadilisha kwa ajili ya nani?

Sikuulizi ili ujione mkosaji. Kubadilisha mwisho ni kazi ya zamani sana na wamefanya watu wenye majina. Shakespeare, huyuhuyu ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, aliandika tamthilia ya Mfalme Lear ambamo binti mwema ananyongwa gerezani, na baba yake anatoka amembeba mikononi, ameshakufa. Mwaka 1681 akatokea mtu aitwaye Nahum Tate, akaona haivumiliki. Akaiandika upya: binti anapona, anaolewa, mfalme anarudishiwa taji. Kwa karibu miaka 150 huo ndio mwisho waliouona watu kwenye majukwaa ya Uingereza. Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri, alikiri kwamba kifo cha yule binti kilimuumiza kiasi kwamba hakujua kama aliwahi kurudi kuzisoma kurasa zile mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Mtu mzima huyo, na kamusi yake. Na bibi zetu je? Hadithi ya sungura na fisi waliikata kufuata nani amelala na nani analia. Msimulizi wa moto hakuwahi kuulizwa nakala.

Ila kuna tofauti, na hapo nadhani ndipo neno la wifi lilipochoma. Tate aliweka jina lake, kitabu kilisema wazi kwamba kimebadilishwa naye. Bibi naye kila mtu alijua anatunga. Wewe ulishika kitabu mkononi, na kitabu mkononi ni kama kiapo. Mama alipomwambia mwalimu "mkwe wangu ndiye mwenye kitabu" aliegemea kiapo hicho.

Kwa hiyo tukija kwenye njia zilizo mbele yako, mimi ningeanza kufikiria Alhamisi kabla ya macho. Nyumbani, hata akikasirika, ni wewe na yeye na karanga. Kikundini alisimama akakutetea, watu wakacheka, na mwalimu wa watu akaaibika bure. Nakala ikipatikana kabla hujasema neno, aibu itageuka na kumwangukia mama, mbele ya wanawake anaowekeana nao fedha. Hilo sidhani kama ungependa alipate kwa mdomo wa mwingine. Na yule mwalimu, maskini, alikuwa na haki yake.

Kukubali ushauri wa mume wako kuna faida moja, kunaleta utulivu wa wiki chache. Hofu yake ya presha si ya kupuuzwa. Kabla ya upasuaji hupimwa presha na ikipanda huenda wakaahirisha. Kama ni hilo linalomsumbua, swali linaweza kuwa la lini. Lakini "vitabu hupotea" hapana, hilo nilitazame kwa jicho la pembeni. Kitabu kiko sandukuni kwake, ndani ya khanga. Ukikitoa pale umeacha kubadilisha hadithi, umeanza kuiba, na atakayeshukiwa kwanza ni mtoto wako.

Kumwambia kabla kuna hatari yake. Anaweza kunyamaza. Wazee wetu wakiumia hunyamaza, na ukimya wa mama mkwe ndani ya nyumba ya vyumba vitatu ni mrefu. Anaweza kurudi nyuma na kutilia shaka kila ulichowahi kumsomea, mpaka wale wa Uingereza na ng'ombe zao. Na ukimwambia kwa sauti ya msiba, kwa kupiga magoti na machozi, utampa kazi ya kukubembeleza wewe siku ambazo yeye ndiye anayekwenda kukatwa jicho.

Ukisubiri asome mwenyewe pia si dhambi, kuna watu wangechagua hilo. Ila fahamu utaratibu wa macho. Upasuaji wa mtoto wa jicho wenyewe ni mfupi, mara nyingi haufiki saa moja. Hutolewa lenzi iliyofifia na kuwekwa ya bandia. Lakini lenzi hiyo kwa kawaida husaidia kuona mbali, na kwa herufi za kitabu wengi hupewa miwani, ambayo hupimwa wiki kadhaa baadaye jicho likishatulia. Kwa hiyo hatatoka hospitali akafungua sanduku siku hiyohiyo. Atakuona wewe kwanza, uso wako, na vile unavyoshika kitabu. Utakuwa bado msomaji wake kwa muda, na safari hii atakuwa anakutazama.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja. Mwombe mrudie kitabu kile pamoja, barazani, kabla ya miadi. Mwambie, "Mama, kile cha njaa kuna mahali sikukisoma kama kilivyo, nataka nikusomee tena." Halafu soma. Ukifika pale koo likikaba, acha likabe. Huenda yeye ndiye atakayeendelea na hadithi, kwa yale aliyoambiwa na bibi yake. Huenda atasema mwisho wa kwako ulikuwa mtamu zaidi. Huenda pia atakasirika, na atakuwa na haki. Baada ya hapo yeye ndiye wa kuamua Alhamisi aseme nini. Wanawake wengi wa umri wake wangependa kuomba radhi kwa mwalimu kwa mdomo wao wenyewe kuliko kuombewa.

Kuhusu wale ulioazima vitabu usijitese sana, wao wana macho. Hapo pana jambo jingine, la kupendekeza. Mimi niliwahi kumpa shoga yangu riwaya tamu ya ndoa iliyovunjika, nikiisifia, kumbe wiki ileile alikuwa amepewa talaka. Aliirudisha bila neno, kwenye mfuko wa sokoni. Toka hapo mtu akiniomba kitabu namuuliza kwanza, "Unataka kinachoisha vizuri au unataka kinachosema kweli?" Wengi hucheka, wachache hufikiri, na wote hujibu. Riwaya zetu nyingi za Kiswahili, hasa za miaka ya 1970, zinapenda makaburi, tuseme ukweli. Mama yako hajawahi kuulizwa swali hilo. Muulize. Akisema anataka zinazoisha vizuri, basi utakuwa unamchagulia vitabu, na kazi ya kufufua watu itaisha yenyewe.

Na ukitaka cha kuanzia, itafute riwaya ya Aniceti Kitereza, Mkerewe, juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mume na mke wanapendana, hawana mtoto, maneno ya ndugu wa mume yanakuwa mengi mpaka wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere inambidi aende kumwomba mkewe arudi, na kudaiwa pombe ya ndizi na baba mkwe. Mwendo wake ni wa polepole, kilimo, pombe, salamu, wageni, ni kitabu cha barazani hasa. Mzee Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Mama atakuwa na mengi ya kusema juu ya kudaiwa pombe.

Mume wako mweleze unachokusudia kabla hujakifanya, hata kama hatakubali, ili asije akasikia kwa dada yake. Wifi naye usimchukie. Alisema kwa ukali, lakini alisema kwa ajili ya mama.

Niandikie mkishakaa. Nataka kusikia alichosema juu ya zile karatasi ambazo hazikugeuka.

Shangazi